Baba Halewi, Shangazi

Umoja I,
Nairobi, Kenya.
22 Februari 1998

Mpendwa Shangazi Mukai,

Hamjambo huko Lusaka? Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana najua desturi yako ya kusoma barua umesimama mlangoni na kikapu mkononi. Mjomba Mbithi anaendeleaje na kifua chake? Bado anachonga, au vumbi la mbao limemlazimisha kupumzika? Tulisikia mvua huko kwenu zilichelewa, tukasema laiti tungeweza kuwatumia kidogo ya zetu.

Sisi tunamshukuru Mungu. Mvua za El Nino zilitutesa, maji yakaingia jikoni mpaka tukapandisha gunia la mahindi juu ya meza, na ukuta wa nyuma bado unanuka ukungu. Mama analalamika goti. Ndugu yangu Mutie bado anaendesha lori, na sasa ana binti mchanga anayelia kama king'ora cha kiwanda. Mimi ni mzima, ila macho yanauma kwa kusoma.

Shangazi, barua uliyomwandikia Mama mwezi uliopita ilifika. Aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni na kuendelea kupika. Baada ya chakula alinipa akasema, "Soma, halafu umjibu wewe. Mimi maneno yameniisha."

Umeandika kwamba hutazungumza tena na kaka yako mpaka aache chupa. Umesema ulimpigia simu Krismasi, ukasikia ulimi wake ulivyo mzito saa nne za asubuhi, ukakata kabla hajamaliza kukuita jina. Na mwishoni ukauliza, nadhani kwa hasira, mimi nasomea nini hicho kisichoisha, michezo gani hiyo ya kusomewa miaka nenda miaka rudi huku baba yangu akiharibika mbele ya macho yangu.

Sikukasirika hata kidogo. Maswali yako mawili yana jibu moja. Ni refu, kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka nilitaka kusomea sheria. Barua ya chuo kikuu ilipokuja, niliitwa kwenye ualimu, na somo langu kuu likawa mazoezi ya viungo. Nililia siku nzima. Majirani walicheka wakasema binti wa Nzivo ameitwa chuo kikuu kwenda kurukaruka. Mama alijaribu kunifariji, lakini hata yeye hakujua angewaelezaje wenzake wa kanisani. Aliyefurahi alikuwa Baba peke yake. Aliketi kando yangu, bado amevaa ovaroli ya kazi, akaniambia, "Utajifunza mwili unavyofanya kazi. Mimi niliutumia tu, sikupata kuujua."

Nikaenda nikajifunza. Miaka ya kwanza ilikuwa ya mifupa, misuli, mapafu na moyo, na namna ya kumfundisha mtoto asiyetaka kukimbia akimbie kwa furaha. Baadaye nilifundisha kule Machakos, nikawa na timu ya netiboli iliyokuwa ikishindwa kila mahali ila wasichana wake hawakuacha kucheka. Niliporudi chuoni kwa shahada ya uzamili, nilianzia upande unaoitwa sayansi ya mazoezi. Unampandisha mtu kwenye baiskeli isiyokwenda popote, unamvalisha kinyago, unapima pumzi anayotoa na jinsi moyo wake unavyorudi kutulia. Niliipenda kazi hiyo. Mwili ukiuliza swali kwa njia nzuri, unakujibu.

Kisha nikaingia darasa la Daktari Wasike, mhadhiri wetu wa sosholojia ya michezo. Somo lake linauliza mambo mengine kabisa. Nani anacheza? Kwa nini mtoto wa mtaa huu anapewa raketi ya tenisi na mtoto wa mtaa ule anapewa glavu za ndondi? Watazamaji wanalipia nini hasa? Na mchezo ukiisha, mchezaji anarudi wapi, na nani anamtazama tena? Wenzangu wengi waliliona somo la kupitisha wakati. Mimi nilikaa mbele.

Sasa nije kwa Baba.

Ilianza polepole mno, Shangazi, ndiyo maana hakuna awezaye kukutajia siku. Kikombe kilianza kutetemeka mkononi. Maneno yakawa yanatoka yamegandana. Akawa anatembea miguu imepanuka, kama mtu aliye kwenye treni inayoyumba. Akasahau majina, kisha akasahau kwamba amesahau. Na hasira! Baba ambaye hakuwahi kutuinulia mkono, akawa anaweza kurusha sahani kwa sababu chumvi imezidi, kisha anakaa kitandani ameinamisha kichwa, hajui kilichompata.

Kampuni alikokuwa dereva ilimsimamisha. Msimamizi alimwona akishuka kwenye gari akiyumba, akamwambia mbele ya wenzake aende nyumbani akalale pombe yake. Baba alijaribu kujitetea, lakini unajua mtu mwenye ulimi mzito akijitetea anavyosikika. Kila neno lilimchimbia shimo zaidi.

Kanisani wakafuata. Alikuwa mzee wa kanisa tangu tulipohamia Umoja. Jumapili moja alisoma Neno, ulimi ukamkwama, akarudia mstari uleule, watu wakatazamana. Wiki iliyofuata Mzee Kabiru, mwenyekiti wa wazee, alikuja akamwomba apumzike kwanza, ajirekebishe. Vijana pale kituo cha basi, ambao kwa lugha yao mzee ni buda, wakamtungia msemo. Akipita walikuwa wanasema, "Buda ameshaangusha chupa mbili," na wanacheka.

Mama ndiye aliyeumia kuliko wote. Alikuwa anamnusa Baba akirudi kutoka dukani. Alikuwa anapekua mifuko ya koti, anatazama nyuma ya tangi la maji, anatafuta chupa. Hakuipata hata moja. Lakini mtaa mzima ukisema jambo moja, mtu huanza kudhani pua yake ndiyo mbovu. Shamis, jirani yetu wa nyumba ya pili, yule ambaye mumewe Salad anauza vitambaa kwa jumla, ndiye pekee aliyekuwa akimshika Baba mkono hadharani na kumvusha barabara. Wanawake walimwambia anajichafua kwa kumshika mlevi. Yeye aliendelea kumvusha.

Nakuja sasa kwenye siku ile darasani. Daktari Wasike alikuwa anafundisha juu ya ndondi na mitaa ya wafanyakazi, jinsi kumbi za mitaa zilivyojengwa ili vijana wasipate muda wa kufikiria mambo mengine. Kisha akasema tusisahau gharama. Akaeleza kwamba ubongo unaogongwagongwa kwa miaka unaweza kuanza kuharibika wakati mabondia wenyewe wameshasahau mapambano yao. Mikono hutetemeka, akasema. Ulimi huwa mzito. Mwendo huyumba. Hasira huja bila sababu. Akasema, "Na kwa sababu dalili hizo zote zinafanana na ulevi, wengi wao huzikwa wakiwa wanaitwa walevi."

Shangazi, kalamu ilinidondoka. Nilikumbuka kwamba Baba alikuwa bondia katika ujana wake. Nilikuwa nimesoma ubongo na mishipa kwa miaka yote hiyo, nikafaulu mitihani, na kumbe kitabu chenyewe kilikuwa kinaketi mezani kwetu kila siku kikijaribu kushika kijiko.

Nilimfuata ofisini kwake, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango ili nilie bila haya. Akasema, "Mimi si daktari wa ubongo, Mutheu, na wewe pia si daktari. Usimwambie baba yako lolote kama vile una hakika. Mpeleke kwa anayejua." Akanipa jina la daktari katika hospitali kubwa.

Nilidhani hapo ndipo ugumu ungeisha. Kumbe ulikuwa unaanza. Baba alikataa.

Nilimwambia taratibu, Mama akiwepo. Alitafuta maneno. Kisha akasema, "Unataka kuniambia ndondi ndiyo iliyoniharibu?"

"Nataka daktari akutazame tu, Baba."

"Ndondi ndiyo iliyonitoa kijijini Mwala," akasema. "Ndiyo iliyonipatia kazi. Ndiyo iliyomsomesha Mukai. Nikiingia ukumbi wa Muthurwa watu walikuwa wanasimama. Hilo ndilo jambo moja nililolifanya vizuri duniani. Na unataka niende nikaambiwe lilikuwa sumu?" Akafuta mdomo kwa kiganja. "Afadhali waseme nimelewa. Mlevi anaweza kuacha."

Chuoni hawafundishi jibu la maneno kama hayo. Aliyejibu ni Mama. Aliinuka na goti lake bovu, akasimama mbele yake. "Nzivo, mimi nimechoka kuwa mke wa mlevi asiyekunywa. Kama una ugonjwa, nipe ugonjwa wako niuguze. Lakini usinipe aibu isiyo yako wala yangu."

Akaenda. Alivaa suti ile ya kijivu aliyovaa siku ya arusi yako.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia atembee kwa kufuata mstari wa sakafu, aguse pua kwa kidole, ahesabu kurudi nyuma, ataje miezi. Akapigwa picha ya kichwa. Akaulizwa alianza ndondi lini, aliacha lini, mara ngapi alianguka na kupoteza fahamu, na baada ya mapambano alikuwa anajisikiaje. Baba hakukumbuka. Akaniangalia, kisha akasema, "Dada yangu Mukai angejua. Yeye ndiye aliyekuwa ananikanda uso kwa maji ya chumvi. Alikuwa mtoto wa shule, lakini mikono yake haikutetemeka."

Ndipo nilipojua, Shangazi. Hukuwahi kutuambia kwamba ulipokuwa unaishi naye kwenye landhi za reli, vile vyumba vya wafanyakazi, wewe ndiwe uliyekuwa unampokea mlangoni akirudi na macho yamevimba. Nimefikiri mengi juu ya msichana yule mwenye beseni.

Majibu yalikuwa yale tuliyoyaogopa. Daktari alisema makonde ya miaka ile yameacha alama kwenye ubongo, na zimekuwa zikienea kimyakimya. Dawa ya kuondoa hakuna. Ipo ya kupunguza mtetemo, na yupo mtu wa kumsaidia kwa matamshi, na mazoezi yatamsaidia asianguke. Gari asishike tena. Pombe kweli asiguse, na Baba akacheka kwa sauti, mara ya kwanza kwa miezi mingi, akasema hilo litakuwa rahisi.

Kisha akauliza swali moja. "Daktari, ina maana nilikuwa bondia mbaya? Kwamba nilipigwa sana?"

Yule kijana aliweka kalamu chini. "Mzee, wanaoanguka mapema hupumzika. Wewe inaonekana hukuwa unaanguka."

Baba aliitikia kwa kichwa. Tulipotoka nje aliniomba tukae kwenye benchi kidogo. Alilia hapo juani, watu wakipita, na mimi nikamshika mkono. Sikumwambia anyamaze.

Kuanzia wiki ile, mapema mwaka jana, nilibadilisha utafiti wangu. Nilikuwa nipime mapafu ya wanariadha wa chuo. Badala yake nikamwendea Daktari Wasike nikamwambia nataka kwenda mitaa ya Eastlands, kuwatafuta mabondia wa zamani na wake zao, niwaulize maisha baada ya ulingo. Alinionya kwamba nitaumia. Nikamwambia nimeshaumia, sasa nataka nifanye kazi.

Wa kwanza kumtafuta alikuwa Owino, yule aliyekuwa na Baba kwenye klabu moja. Nadhani unamkumbuka, mrefu, mkono wa kushoto. Bado anaishi Muthurwa. Mkewe Khalayi alinifungulia mlango nusu, akauliza kama nimetumwa na polisi. Wamezoea. Owino amekamatwa zaidi ya mara moja kwa kulewa hadharani, naye ni mtu wa chai na mkate. Sasa Khalayi anamfungia ndani akienda sokoni, na hilo linamla roho. Nilipomweleza kwa nini nimekuja, alikaa chini mlangoni palepale, akajifunika uso kwa leso. "Kumbe si mimi tu," alisema. "Kumbe si mimi tu."

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Baba. Ungekuwepo, Shangazi, ungecheka na kulia pamoja. Owino alizungumza, na mimi mwenye digrii sikushika hata nusu ya maneno yake. Baba aliyashika yote. Baba akajibu, Khalayi akanitazama kama kwamba nimfasirie, nami sikuweza. Wao wawili waliendelea, wakicheka, wakisimulia pambano fulani la Nakuru ambapo refa aliangushwa kwa bahati mbaya. Ilikuwa kama wana lugha yao. Khalayi aliacha chai ikafurika jikoni kwa kuwasikiliza. Sasa wanakutana kila Jumamosi, na Mutie ndiye huwapeleka na kuwarudisha. Mutie mwenyewe hakuamini mwanzoni. Aliniambia, "Sista, kwa hivyo hawa mabuda wamekuwa wakitukanwa bure miaka yote hii?" Akatoka nje, akakaa ndani ya lori peke yake kwa muda mrefu.

Likabaki la kanisa. Nilikwenda kwa Mzee Kabiru na kumweleza kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akatabasamu tabasamu lile la wakubwa. "Binti yangu," akasema, "siku hizi kila dhambi imepata jina la hospitali. Tumwombee tu."

Nilirudi nyumbani nimejaa maneno. Nilitaka kurudi kwake na vitabu vyangu vyote. Baba akanizuia. "Wewe umesema vya kutosha," akasema. "Hili ni langu."

Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama. Mama alimshika koti, akaliachia. Alitembea mpaka mbele kwa ule mwendo wake, na niliona baadhi ya watu wakiinamisha vichwa kwa aibu ya kumwonea aibu. Mchungaji alitaka kumpa kiti, Baba akakataa.

Alichukua muda mrefu kuanza. Watoto walianza kunong'ona, mama zao wakawanyamazisha. Kisha akasema, neno baada ya neno, akilisukuma kila moja kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani:

"Mimi ni Nzivo. Silewi. Nilipigwa."

Akapumzika.

"Nilipigwa kichwani nikiwa kijana, pale Muthurwa. Baadhi yenu mlikuwepo. Mlinipigia makofi. Siwalaumu. Hata mimi niliyapenda yale makofi. Sasa kichwa kimechoka. Hayo tu."

Akageuka arudi kwenye kiti chake. Njiani mguu ulimkwama, akayumba, na kabla sijafika, kuna mtu alikuwa ameshamshika. Alikuwa Mzee Kabiru. Walisimama pale katikati ya kanisa, wamegandana, na Kabiru akasema kwa sauti ambayo wengi waliisikia, "Nilikuwepo, Nzivo. Nilikuwa nakaa safu ya mbele. Nilikuwa napiga kelele, mmalize, mmalize."

Alasiri ile alikuja nyumbani na mkewe. Hakuleta maelezo mengi. Alimwomba Baba msamaha, kisha Mama, kisha mimi, na mimi ndimi aliyeniomba kwa muda mrefu zaidi. Akamsihi Baba arudi kwenye uzee wake wa kanisa. Baba akakataa. Alisema akisoma Neno kwa ulimi huu ibada itaisha jioni, na watu wana njaa. Aliomba asimame mlangoni kusalimia wanaoingia. Ndiyo kazi yake sasa. Ana salamu moja tu, "Karibu," na anaitamka vizuri kwa sababu yule dada wa matamshi amemfundisha. Watu hupanga foleni washikwe mkono na mkono wake unaotetemeka. Wale vijana wa kituoni si wote walioacha mzaha, lakini mmoja alikuja kuniuliza kama kweli ndondi hufanya hivyo. Yeye mwenyewe anafanya mazoezi ya ndondi. Tulizungumza sana.

Sitaki nikudanganye kwamba mambo yamekuwa mazuri, Shangazi. Zipo siku ananiita kwa jina la marehemu Nyanya. Zipo siku hasira inarudi, na Mama anatoka nje kukaa na Shamis mpaka ipite. Daktari ametuambia mbele kutakuwa kugumu zaidi. Asubuhi mimi humfanyisha mazoezi ya mizani: asimame kwa mguu mmoja akishika dirisha, apige hatua kando, ageuke polepole. Ananung'unika kwamba nimekuwa kocha mkali. Hayo ndiyo matumizi ya shahada yangu ya kwanza. Ya pili niliitetea mbele ya jopo mwezi huu. Mtahini mmoja aliniuliza kama kazi yangu ni sayansi au ni kilio cha binti. Nilimjibu kwamba nilipima nilichoweza kupima, na nikawauliza wenyewe yale yasiyopimika, na kwamba wake wa mabondia wale hawakuwahi kuulizwa na mtu yeyote kabla yangu. Nilipita. Wananiambia nifundishe palepale chuoni, nami nimekubali, kwa sababu nataka kila mwalimu wa michezo anayetoka pale ayajue haya kabla hajamfunga mtoto glavu.

Hiyo ndiyo michezo ninayosomea.

Tafadhali usijilaumu kwa ile simu; kosa ni letu tuliochelewa kukuandikia, kwa kuwa Baba alitaka kukueleza mwenyewe. Baba mwenyewe anajua kwa nini ulikata. Alisema, "Mukai aliambiwa na watu, na mimi nikasikika kama walivyomwambia." Hana kinyongo hata chembe. Lakini anakuuliza. Anauliza kama bado una ile sauti ya kuamrisha watu.

Njoo, Shangazi. Kama Pasaka haitawezekana, njoo Agosti. Lala chumbani kwangu. Ukifika, usimmalizie sentensi, hata ukijua anakotaka kwenda. Sisi wote tulikuwa na kosa hilo, kwa huruma. Mwache atafute, atalipata. Kikombe mjazie nusu. Akikasirika, si wewe anayekasirikia. Akikuita kwa jina la mama yenu, itika.

Mnisalimie Mjomba Mbithi sana, na binamu zangu wote, na hasa Mumo mdogo ambaye nasikia ameanza shule. Mama anakusalimu, amesema niandike kwamba hana hasira, ana hamu tu. Mutie na mkewe wanawasalimu. Shamis naye, ingawa hamjaonana, anasema dada wa Mzee Nzivo ni dada yake. Mungu awalinde huko ugenini, awape mvua ya kiasi na amani ya kutosha.

Nimemsomea Baba barua hii yote, ameketi hapa dirishani na blanketi magotini. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nikamwuliza kama kuna cha kuongeza au kuondoa.

"Umeandika mno ugonjwa," akasema. "Mwandikie Mukai kwamba nipo."

Basi yupo, Shangazi. Yupo.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote,

Mutheu Nzivo